Kipuri Kichakavu Hula Jirani Yake

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako, nyuma ya mlango wa jiko au kwenye ukumbi wa nyumba ya kupanga, imeegemezwa baiskeli ya gia ambayo haijapandwa tangu mwaka juzi. Tairi zimelala, mnyororo umepata kutu, na watoto huanika kaptura zao juu ya usukani. Kila mnapofagia husogezwa. Na kila inaposogezwa mtu mmoja husema iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mwingine husema isubiriwe kidogo. Nayaandika haya kwa ajili ya huyo wa pili, ingawa simdharau wa kwanza, maana zipo siku ambazo yeye ndiye mwenye haki.

Nyumbani kwetu Tabata shauri hili lililetwa na riziki. Mdogo wake mama watoto, kijana tunayekaa naye, alipata kazi katika kiwanda kimoja upande wa Chang'ombe. Zamu ya asubuhi huanza saa kumi na mbili kamili, na lango la kiwanda halimngojei mtu. Yambidi atoke saa kumi na moja alfajiri, wakati daladala ni chache na zilizopo zimekwisha kujaa huko zitokako. Zikiwa hazipo, hubaki bodaboda, ambayo kwa ujira wa kibarua ni sawa na kufanya kazi siku mbili ili ulipwe moja. Mwezi wa kwanza alichelewa mara tatu akakatwa mshahara. Mwezi wa pili akaambiwa kwamba mara ya nne itakuwa ya mwisho. Ndipo macho ya nyumba nzima yakaigeukia ile baiskeli.

Ni baiskeli ya aina ya mlimani, iliyoshuka bandarini pamoja na mitumba mingine. Niliinunua nikiwa bado ninasomea stashahada ya uandishi wa habari, nikaipanda miaka mingi. Fremu yake ni ya chuma, magurudumu ni ya inchi 26, na ina sproketi saba nyuma na tatu mbele. Si kitu cha kujivunia barabarani, lakini ina asili ambayo yafaa tuitazame kidogo, kwa sababu inahusu jambo lenyewe.

Baiskeli za aina hii hazikuanzia katika chumba cha wahandisi. Zilianza na vijana wa Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, ambao miaka ya 1970 walizifufua baiskeli nzito zenye tairi nene, hasa za Schwinn, zilizoundwa tangu miaka ya 1930 na 1940, wakawa wakiteremka nazo milimani. Mashindano yao yaliyoanza Oktoba 1976 yaliitwa Repack, neno la Kiingereza lenye maana ya kushindilia upya. Breki ya nyuma ilikuwa ndani ya habu, na katika mteremko ule ilipata moto hata grisi ikageuka moshi. Mtu akifika chini hapana budi aifungue habu na kuishindilia grisi nyingine. Kazi hiyo iliwachosha. Wakaanza kuvua na kuvisha: breki nyingine, vishikio vya breki vya pikipiki, gia za baiskeli za mbio. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya shughuli hiyo hasa, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, baiskeli ya mlimani iliyotengenezwa kwa wingi. Kwa hiyo anayebadili vipuri vya baiskeli kama hii haiharibii asili yake. Ilizaliwa hivyo.

Walakini hatukuanza na vipuri. Tulianza na fremu, maana fremu ikiwa mbovu yote mengine ni kupaka rangi nyumba iliyoliwa na mchwa. Tuliiosha kwa sabuni na brashi ya viatu, tukaitoa juani, tukakagua kila kiungo: pale bomba za mbele zinapokutana chini ya usukani, pale penye ekseli ya pedeli, na pale gurudumu la nyuma linapofungwa. Ufa wa fremu huanza kama unywele, na aghalabu hujitambulisha kwa mstari mwembamba wa kutu inayochuruzika kutoka chini ya rangi. Ukiuona, ndugu msomaji, usidanganywe na mchomeleaji wa mageti. Bomba zile ni nyembamba, na moto wa kuchomelea geti huziacha dhaifu pembeni mwa ule mshono mpya. Hapo ndipo mnunuzi wa chuma chakavu anapokuwa na haki. Yetu ilikuwa nzima.

Fundi wetu ni mzee ambaye kiwanja chake ni kivuli cha mwarobaini huko Buguruni. Mikono yake ilijifunza kazi kwenye Phoenix za kutoka China na kwenye Swala, zile zilizoundwa hapa hapa Dar es Salaam enzi za wazazi wetu, na gia alizikuta ukubwani. Tulipofika naye akiwa ameinamia gurudumu, hakuinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmeniletea mgonjwa au maiti?"

Shemeji akaeleza kwamba ugonjwa ni mnyororo tu: ukikanyaga kwa nguvu, unaruka. Alitaka mnyororo mpya, na fedha yake alikuwa nayo mfukoni. Mzee akachukua futi ya chuma, ile ya maseremala, akamwambia ahesabu.

Na hapa naomba uvumilie kidogo, maana kipimo hiki waweza kukifanya mwenyewe bila kumlipa mtu. Kutoka pini moja ya mnyororo hadi pini inayofuata ni nusu inchi. Nafasi 24 basi ni inchi 12 kamili. Weka alama ya mwanzo ya futi katikati ya pini moja, vuta mnyororo ukaze, kisha tazama pini ya 24 imeangukia wapi. Ikikaa juu ya inchi 12, mnyororo ni mzima. Ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo ubadilishwe, na sproketi huenda bado zikakubali mwenzao mpya. Ikipita kwa sehemu moja ya 8, mnyororo umekwisha kuzila sproketi, na vyote viwili viondoke pamoja.

Watu husema mnyororo umevutika. Chuma hakikuvutika. Kilichotokea ni kwamba kila pini imelika kidogo mahali inapozunguka, na mnyororo wa baiskeli ya gia una pini zaidi ya 100. Ulegevu mdogo wa kila pini ukijumlishwa na ya jirani yake, mnyororo mzima hurefuka. Mnyororo uliorefuka haukai tena penye shina la jino. Hupanda juu na kulisugua jino upande mmoja, hata jino likapinda kama la papa. Jino la papa nalo haliwezi kuushika mnyororo mpya. Basi yule aliyenunua mnyororo peke yake, akidhani amebana matumizi, atauona ukiruka vibaya kuliko ule wa zamani, na baada ya miezi michache atakuwa na mnyororo mpya ulioharibiwa na sproketi kuukuu.

Wa kwetu ulikuwa umepita sehemu moja ya 8, tena kwa uwazi. Shemeji akasema angeanza na mnyororo, friwili isubiri mwisho wa mwezi. Mzee akamwuliza anapita njia gani. Akajibu, Barabara ya Mandela. "Basi siku mnyororo utakaporuka," mzee akasema, "utakuwa umesimama juu ya pedeli unakimbia kuvuka mbele ya lori la kontena. Hapo utaangukia wapi, mwanangu?" Kijana hakujibu, na sisi wengine hatukuwa na la kuongeza.

Friwili na mnyororo vikaandikwa pamoja. Sproketi za mbele tulizikagua moja moja: kubwa ilikuwa karibu mpya, maana katika jiji hili ni nani anayekwenda kwa kasi hiyo; ndogo vilevile; ya katikati ndiyo iliyokuwa imeliwa. Kwa bahati zetu zilikuwa zimefungwa kwa bolti, hazikugongewa ribiti, kwa hiyo ikabadilishwa moja tu. Angalia na hili dukani: mnyororo wa Phoenix una upana wa ndani wa sehemu moja ya 8 ya inchi, na wa gia ni 3/32. Yule wa kwanza ni wa bei nafuu, nao utakubali kuzunguka kwenye sproketi moja, lakini hautapita vizuri kati ya sproketi saba zilizosongamana.

Siandiki bei. Bei ya Kariakoo ya Jumatatu si ya Jumamosi, na ya mteja aliyevaa tai si ya mteja aliyejipaka grisi.

Sasa breki. Vijana hupenda gia, kwa kuwa gia ina mlio na inaonekana. Mimi nilishikilia kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye kusimama, ndipo ya pili iende kwenye kukimbia. Na katika nyumba yetu hilo ndilo jambo pekee ambalo sikukubali lijadiliwe. Raba za breki zilikuwa zimekauka zikawa kama kwato, na ndani yake zimenasa vipande vya mchanga na chembe za alumini. Chembe hizo zatoka wapi? Zatoka kwenye ringi. Breki ya aina hii hukamata ubavu wa ringi, na kila ukamatapo wakati wa masika, pamoja na tope la mchanga wa Dar es Salaam, unakuwa unaupiga msasa. Mzee aliweka kipande cha rula ubavuni mwa ringi ya nyuma, na mwanga ukapita chini yake: ubavu ulikuwa umebonyea kama kijiko. Ringi ya namna hiyo, tairi likijazwa upepo vizuri, yaweza kupasuka ubavu ghafla, nayo hukwama kwenye breki hapo hapo. Ya mbele ilikuwa bado tambarare. Kwa hiyo ringi moja mpya, raba mpya nne, na waya za breki zote mbili pamoja na maganda yake. Waya wa breki ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika baiskeli, na bado watu huusokota na kuufunga fundo ukikatika.

Ringi iliyoonyeshwa kwanza ilikuwa na matundu 32, na habu yetu ina 36. Hesabu matundu kabla ya kutoka nyumbani.

Tairi nalo lilitupa safari ya bure. Shemeji alitumwa dukani akaombe tairi la 26, akapewa la 26, akarudi nalo, na likakataa kabisa kuingia. Mwenye duka hakusema uongo na kijana hakukosea kusikia. Ni kwamba ziko "26" zaidi ya moja. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, kwa sehemu, hukaa kwenye ringi ya milimita 590, nayo ni ya baiskeli za kawaida. Lililoandikwa 26 x 1.95, kwa nukta, ni la ringi ya milimita 559, na hilo ndilo la baiskeli ya mlimani. Tofauti ya milimita 31 haishindwi kwa bisibisi wala kwa matusi. Ubavuni mwa tairi pia huwa na namba ndogo, kama 50-559 au 37-590. Isome hiyo, uiache ile kubwa. Mwenye duka alikuwa muungwana, akabadilisha.

Habu zilifunguliwa siku ya Jumapili, nami nikakaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa, kwa maana kazi hiyo inapendeza kutazama. Gololi zilitolewa zikaoshwa kwa mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa, zikahesabiwa juu ya kitambaa: 18 za nyuma, tisa kila upande, na 20 za mbele, kumi kila upande. Zilizokuwa zimeng'aa kama kioo zilikuwa nyingi. Zilizokuwa na vidonda zilikuwa tano. Shemeji akauliza kama angenunua tano tu. Mzee akatikisa kichwa. Gololi mpya ni kubwa kuliko iliyokwisha kulika, kwa unene usioonekana kwa macho. Ukizichanganya, mzigo wote hubebwa na zile mpya, zinapasuka, na vipande vyake vinachimba koni. Zikabadilishwa zote. Fedha yake ilikuwa chini ya bei ya chupa mbili za soda.

Ekseli ya pedeli nayo ilikuwa na mchezo, ukishika mkono wa pedeli unatikisika upande kwa upande. Hapo yafaa umwangalie fundi wako kwa makini, msomaji, hasa akiwa kijana mwenye nyundo. Mkono wa pedeli wa baiskeli hizi huvutwa kwa kifaa chake cha kuvutia. Ukigongwa hupanuka tundu na haukazi tena. Kikombe cha upande wa kulia, upande wa mnyororo, uzi wake umekatwa kinyume, na vivyo hivyo pedeli ya kushoto. Asiyejua hukaza akidhani anafungua, kisha hutafuta bomba refu la kuongezea nguvu, na uzi wa fremu ukikwisha kuliwa hapo hakuna duka linalouza dawa yake. Mzee hakuwa na kile kifaa cha kuvutia. Alimtuma mjukuu wake kukiazima kwa fundi mwenzake, nasi tukangoja saa nzima. Nilimheshimu zaidi kwa saa hiyo kuliko kwa kazi nyingine zote alizofanya.

Mama watoto, ambaye ndiye mweka hazina wa nyumba yetu, alikuwa akiandika kila kitu katika daftari la vikoba. Jumla ilipofika nusu ya bei ya baiskeli mpya ya gia ya Kariakoo, alilifunga daftari na kuniuliza kwa sauti ile ya upole inayotisha.

"Baba watoto, kwa nini tusingenunua mpya?"

Swali lake lilikuwa la haki, na sikutaka kulijibu kwa mapenzi ya kitu cha zamani. Nilimwambia kwamba baiskeli mpya ya bei hiyo ina gia za bati jembamba lililokandamizwa, habu ambazo hazikutiwa grisi ya kutosha, na fremu nzito kuliko yetu. Kwamba nusu ya pili ya fedha tungekuwa nayo bado. Na kwamba vile vilivyobadilishwa havina haja ya kubadilishwa tena hivi karibuni kama mnyororo utapimwa kila baada ya miezi michache na kuondolewa kabla haujaanza kuwala majirani zake. Akasikiliza. Akasema kwamba hoja ya nusu ya pili ya fedha ndiyo aliyoielewa, kwa sababu ada ya mtoto wa pili ilikuwa inasubiri, na zile nyingine nizihifadhi kwa ajili ya gazeti. Hata hivyo aliongeza kengele na taa ya nyuma kwenye orodha kwa mkono wake mwenyewe. Mdogo wake atakuwa barabarani gizani, alisema, na hajali sana meno ya sproketi yakoje ikiwa dereva hamwoni.

Tandiko halikubadilishwa. Limepasuka na limefungwa mfuko wa plastiki, na litabaki hivyo mpaka mwezi ujao au ule mwingine. Rangi vilevile. Baiskeli inayoonekana mbovu haitamaniwi sana na wezi, na huo nao ni ulinzi.

Jambo la mwisho tulilofundishwa na mzee linahusu mafuta. Wengi wetu hupaka mnyororo oili chafu iliyomwagwa na gereji, kwa kuwa ni ya bure. Oili ile imebeba unga wa chuma cha injini, nao ni msasa mwingine. Chukua oili safi kidogo, tone moja juu ya kila kiungo, zungusha pedeli kinyume mara kadhaa, halafu ufute kwa kitambaa mpaka mnyororo uonekane mkavu. Mafuta yanayohitajiwa ni yale yaliyokwisha kuingia ndani ya pini. Yanayobaki nje hukusanya vumbi.

Shemeji ameanza kutoka saa kumi na moja na robo, nusu saa baada ya kuamka, naye hufika langoni kabla ya kengele. Mzee alimwagiza arudi baada ya majuma mawili, kwa kuwa waya mpya hulegea zikikaa mahali pake, na spoki za ringi mpya hutulia kila moja kwa wakati wake. Amekwisha kwenda. Spoki tatu zilikuwa zimelegea upande wa kushoto, waya wa breki ya nyuma ukakazwa robo mzunguko, na mzee hakutaka malipo. Aliomba ule mnyororo wa zamani tu, maana kuna mtu wa mkokoteni aliyekuwa akitafuta kitu cha kufungia lango la banda lake la kuku.